Shavu la Kushoto

“Sasa usiseme neno, mzee. Hata mate usimeze.”

Kathini alikuwa ndani ya kitambaa cheusi, na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyefungiwa kabatini. Mbele ya uso wake, juu ya kioo cha ukungu kilicho nyuma ya kamera, mzee wa Majengo mwenye kofia ya darizi alikuwa ameketi kichwa chini, mdogo kama mwanasesere, ndevu zake nyeupe kuliko zilivyo ukimtazama kwa macho. Kathini alizungusha skurubu kwenda mbele, akairudisha nyuma kidogo. Macho ya mzee yakaja. Yakawa wazi na makali, kope zikasimama moja moja, na kila kitu kilichokuwa nyuma yake, ukuta, pazia, msumari wa kutundikia koti, kikayeyuka kama sukari ndani ya chai.

Alitoka kitambaani, akaingiza kisanduku cha mbao chenye filamu, akachomoa kibao chembamba kinachoikinga na mwanga. Kisha akaivua lenzi kifuniko na kukishika hewani. Lenzi ile haikuwa na kitu cha kufyatua. Ilitengenezwa enzi ambazo watu walikuwa na subira, na kifyatuo chake kilikuwa mkono wa mwenye kuitumia. Alihesabu kimoyomoyo kwa Kikamba, bila haraka, halafu akakirudisha kifuniko.

“Pumua.”

Mzee akapumua kama mtu aliyetolewa majini. “Mama Mulwa, siku moja utamwua mtu kwenye kiti hiki.”

“Nikimwua atakuwa amekaa vizuri.”

Mzee alicheka, akatafuta fimbo yake, akaenda zake. Mlangoni alijivuta kando kumpisha mwanamke aliyekuwa amesimama pale nje, na hakuna aliyejua alikuwa amesimama kwa muda gani. Alikuwa amejitanda leso kuanzia utosini, akaishikilia kwa mkono chini ya kidevu, hivyo ni nusu tu ya uso wake iliyoonekana. Hakuingia. Alikuwa akitazama picha zilizobandikwa kwenye ubao kando ya mlango.

“Huyu bibi arusi,” alisema, “ngozi yake ilikuwa hivi kweli?”

“Alikuwa na chunusi kama mtama uliomwagika,” Kathini alisema.

“Ni wewe ulizitoa?”

“Mimi na penseli yangu.”

Hapo ndipo mwanamke alipoingia.

Chumba cha Kathini kilikuwa cha mbele katika nyumba ya udongo ya Pumwani, Nairobi, kile ambacho wapangaji wengine wangekifanya duka. Juu ya kiti cha wateja alikuwa ametoa bati moja la paa na kuweka la plastiki linalopitisha mwanga, na chini ya mwanga huo kamera ilisimama kwa miguu yake mitatu kama mnyama mpole. Ilikuwa ya mbao, na tumbo lake la ngozi lilikunjwakunjwa kama kodiani. Puani mwake ndipo ilipokaa lenzi: bomba la shaba la manjano, zito, lililochongwa herufi ambazo mikono ya watu ilikuwa imezilamba mpaka hazisomeki. Ndani ya kioo cha mbele mlikuwa na kiputo cha hewa kidogo kama punje ya mchanga, kilichobaki humo tangu siku kioo kilipoyeyushwa.

Lenzi hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele yake. Kathini aliikuta katika studio ya Mhindi mmoja mjini, alikoajiriwa kufagia akiwa msichana. Mhindi yule, ambaye naye aliirithi kwa babu yake, alimwona siku moja akichonga kijiti cha kiberiti kwa wembe wakati wa chakula cha mchana, akikigeuza kuwa swala mwenye pembe. Baba yake Kathini alikuwa mchongaji kule Wamunyu. Kesho yake Mhindi alimpa penseli na negativu iliyoharibika akamwambia ajaribu. Kwa miaka mingi baada ya hapo kazi yake ilikuwa kufuta: chunusi, makovu ya ndui, mikunjo, mifuko chini ya macho ya mabwana wanaolala kidogo. Mhindi alipohamia ng'ambo kwa watoto wake, alimwachia kamera pamoja na lenzi yake. Lenzi mpya zinaona kila kitu, alimwambia, lakini hii inajua cha kuangalia.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na watu hawakutaka tena kuketi bila kupumua. Ng'ambo ya njia, Johnson alikuwa amefungua studio ya picha za rangi, ukuta wake umechorwa ndege ya abiria na maporomoko ya maji, na vijana walijipanga hapo kila Jumapili. Kathini hakumchukia. Johnson alikuwa kijana mchangamfu aliyemsalimu kwa kelele kila asubuhi, “Niaje, mathe! Hiyo kamera ya mkoloni bado inapumua?” na yeye humjibu kwamba inapumua kuliko yeye. Tatizo halikuwa Johnson. Tatizo lilikuwa filamu. Kamera ile ilikula filamu ya vipande, kila picha kipande chake kipana kama jani la kitabu, na duka la mjini lililoziuza lilikuwa limemwambia halitaagiza tena. Ndani ya friji ya jirani, nyuma ya maziwa, alibakiwa na boksi moja lenye vipande vichache tu.

“Jina lako nani, mama?”

“Wacera. Nimetoka Dandora.” Mwanamke aliketi kwenye kiti bila kuambiwa, kama mtu anayeogopa kwamba akikawia atabadilisha nia. “Nataka picha ya kumtumia mama yangu huko Kangema. Lakini nataka uifanye kama ya huyo bibi arusi.”

“Toa leso nikuone.”

Wacera aliitoa.

Upande wa kulia ulikuwa uso wa mwanamke wa makamo, mzuri, wenye kidevu cha ukaidi. Upande wa kushoto moto ulikuwa umepita. Ngozi ilikuwa imevutwa kutoka shavuni mpaka shingoni, inang'aa mahali pengine na kujikunja mahali pengine, na ukope wa chini wa jicho la kushoto ulikuwa umeshuka kidogo, hivyo jicho lile lilionekana daima likiwa wazi kuliko mwenzake. Juu ya sikio nywele zilianza mbali.

Kathini alimtazama kwa muda mrefu, na hakutazama pembeni, kwa sababu kutazama ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliinua mkono, akaupitisha karibu na shavu lile kuona kivuli kinaangukaje.

“Ni jiko la mafuta?”

“Jiko la mafuta. Lilipasuka tukipika.” Wacera alikunja leso mapajani. “Mimi na dada yangu mkubwa. Yeye hakupona.”

“Pole, mama.”

“Nimeshapoa.” Akaikunjua leso tena. “Mama alikuja hospitali, lakini mimi nilikuwa nimefungwa bendeji kichwa kizima. Alinishika miguu tu. Akachukua mwili wa dada akaenda kuzika. Tangu siku hiyo sijaenda nyumbani. Kila mwaka nasema nitaenda. Sasa binamu yangu Githinji alikuja juzi akasema mama anasumbuka, anauliza Wacera anafanana aje sasa. Amesema kama siwezi kuja, hata picha nitume. Nataka aone niko sawa, alale.”

“Na Githinji hajamwambia?”

“Nilimkataza.”

Haikuwa kazi ya mpiga picha kuuliza picha inakwenda kusema nini ikifika. Kathini alikigeuza kiti ili upande wa kushoto uangukie kivulini, akamwomba Wacera ainamishe kidevu, akaingia kitambaani.

Ndani ya giza lile dogo lenye harufu ya pamba na jasho lake mwenyewe, uso uliogeuka juu chini ulimjia. Hapo ndipo alipoipenda lenzi ile zaidi. Haikuwa kali kila mahali. Ilishika mahali pamoja, ikapashika kwa upendo, na penginepo ikapaachia. Alilishika jicho la kulia, na lile la kushoto likarudi nyuma kwenye moshi laini. Nusu ya kazi ilikuwa imefanyika kabla penseli haijachongwa.

“Usipumue,” alisema, akavua kifuniko.

Wacera alikaa kama jiwe. Alikuwa mfumaji, nyumbani kwake Dandora alikuwa na mashine ya kufuma sweta za shule, na mwanamke mwingine ndiye aliyezipeleka sokoni, ili yeye asiwe na haja ya kusimama mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo anajua kukaa kimya. Alipoambiwa arudi baada ya juma moja, alijitanda leso yake, akatoka, akafuata kivuli cha ukuta mpaka barabarani.

Kathini aliifanya kazi hiyo asubuhi tu, kabla macho hayajachoka. Aliweka negativu kwenye meza ya mteremko mbele ya dirisha, na chini yake kioo cha kujitazamia ili mwanga upande juu kupitia filamu. Alichonga penseli, akaisugua kwenye msasa mpaka ncha ikawa kama sindano. Kwenye negativu mambo huwa kinyume: penye kivuli ni peupe, penye mwanga ni peusi. Kila kunjo la kovu lilikuwa mstari mweupe wa kujaza, na kila mahali palipong'aa palikuwa doa jeusi la kukwangua kwa wembe, taratibu, bila kutoboa. Johnson alipokuja kuomba kiberiti alisimama nyuma yake akashindwa kuondoka.

“Mathe, hii ni uchawi.”

“Sogea, unaniziba.”

Kilichomsumbua ni kwamba hakujua shavu lile lilivyokuwa. Alilinakili kutoka upande wa kulia, lakini hakuna uso ambao pande zake mbili zinafanana, na mara ya kwanza likatoka bapa, kama la sanamu ya dukani. Akafuta kwa pamba yenye spiriti, akaanza upya. Akalijaza kidogo. Akauinua ukope uliokuwa umeshuka, na ulipoinuka shavu likataka kuwa la mviringo zaidi, naye akalifuata linakotaka, kama baba yake alivyokuwa akisema kwamba mti wenyewe humwambia mchongaji mgongo wa fisi unapinda wapi. Siku ya mwisho aliweka penseli chini akajua amemaliza. Alikuwa hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Alipoichapisha, alikaa nayo mlangoni kwa muda, picha ingali na unyevu, akiitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyelala.

Wacera alipokuja, Kathini alimpa picha. Alitaka kuuona uso wake utakapoiona.

Wacera aliitazama. Mkono uliokuwa umeshika leso chini ya kidevu ukalegea, leso ikaanguka mabegani, na hakuiokota. Akatafuta kiti kwa mkono kama mtu asiyeona, akaketi.

“Huyu ni Teresiah,” alisema.

“Nani?”

“Dada yangu. Huyu ni Teresiah.”

Kathini alisogea akaitazama picha juu ya bega lake, kana kwamba ingeweza kuwa imebadilika. “Mimi sikumjua dada yako.”

“Najua hukumjua.” Wacera aligusa ukingo wa karatasi. “Tulifanana, lakini yeye alikuwa na hili shavu. La mviringo. Mimi sikuwahi kuwa nalo. Watu walikuwa wanatutofautisha na hili shavu.” Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti yake ilikuwa tulivu, na jicho la kushoto lilitoa machozi mengi kuliko la kulia. “Picha zake zote zilichomeka. Hatuna hata moja. Mama hana. Halafu wewe umemtoa wapi?”

Kathini alijaza maji kwenye birika, akaliweka jikoni, akarudi. Moyoni mwake kulikuwa na kitu kilichouma, na aliona aibu kidogo alipokitambua, kwa sababu kilikuwa kiburi cha kazi yake. Juma zima alikuwa akijiambia kwamba anamrudishia mwanamke huyu uso wake.

“Siwezi kumtumia hii,” Wacera alisema. “Unaona? Atafungua bahasha amwone Teresiah. Atafikiri nini? Nimemwambia mimi ndiye niliyebaki, halafu nimtumie yule aliyeenda.”

“Naona.”

Walikunywa chai. Nje watoto waliotoka shule walikuwa wakipiga kelele, na kwa Johnson redio ilikuwa ikiimba. Baadaye Wacera akauliza, akitazama kikombe, “Unaweza kunipiga bila penseli?”

“Naweza.”

“Vile niko.”

“Naweza,” Kathini alisema tena. “Ngoja.”

Alikwenda kwa jirani, akafungua friji, akalitoa boksi nyuma ya maziwa. Alijua kilichobaki ndani yake. Tangu aje Wacera, walikuwa wamepita wazee wawili waliotaka picha za namna ya zamani, na familia moja ya ubatizo. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, na kipande hicho kilikuwa chake. Alikuwa amekwisha kupatana na Johnson kwamba Jumapili moja, akiwa amevaa rinda lake la kanisani, ataketi kwenye kiti mwenyewe, na Johnson atamvulia lenzi kifuniko na kukirudisha. Mwanawe Mulwa, aliyefanya kazi Athi River, hakuwa na picha nzuri ya mama yake, na mtu wa umri wa Kathini huanza kufikiri ni picha ipi watu wataibeba mbele ya jeneza. Katika maisha yake yote hakuwahi kukaa upande ule wa lenzi.

Alisimama na boksi mkononi mpaka jirani akamwambia afunge friji, baridi inatoka.

Aliporudi alikigeuza kiti. Mara ya kwanza alikuwa amelificha shavu la kushoto; sasa alilielekeza lote kwenye mwanga wa bati la plastiki, kwa sababu kovu likipigwa na mwanga kutoka kando hurusha vivuli na kuonekana baya kuliko lilivyo, lakini mwanga mpana unaoshuka kutoka juu huliacha liwe tu lilivyo. Wacera alifuata maelekezo, mikono juu ya magoti.

“Hili jicho halifungi vizuri,” alisema. “Linaonekana kama limeshangaa.”

“Ni zuri kwangu. Watu wote huniharibia picha kwa kupepesa macho.”

Wacera akacheka, mara moja, kicheko kilichomtoka bila ruhusa. Kathini aliingia kitambaani. Akalishika jicho la kushoto. Akalizungushia skurubu mpaka akaona mstari wa mwanga ndani ya mboni, dirisha dogo la paa, na karibu nalo ngozi ya shavu, kila kunjo mahali pake, haina haya. Nyuma ya hapo kila kitu kiliyeyuka. Alikaa humo zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha akatoka, akachomoa kibao, akavua kifuniko, akahesabu. Wacera hakupumua. Jicho lilitazama.

Picha ile haikuguswa na penseli. Wacera alipokuja kuichukua hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliitazama kwa makini kama mtu anayesoma sweta aliyoifuma mwenyewe kutafuta uzi ulioruka, akatikisa kichwa kukubali, akaitia kwenye bahasha aliyokuwa ameshaiandika. Ile nyingine ya kwanza, yenye shavu la mviringo, aliomba aichukue pia. Alisema ataiweka ukutani juu ya mashine.

Baada ya hapo mvua kubwa zikaanza. Kathini aliipaka kamera mafuta, akaifunika kwa shuka, akawa anawarekebishia wateja picha zao za zamani zilizoliwa na mende na unyevu. Kazi hiyo haikuhitaji filamu, ilihitaji macho na rangi. Johnson alimpelekea watu. Jumapili zilipita, naye hakumwambia Johnson kwa nini hakumwita aje kumpiga picha akiwa na rinda lake, na Johnson hakuuliza.

Asubuhi moja mvua ilipokuwa imekatika, Wacera alisimama mlangoni tena, na kando yake mwanamke mzee mwenye mguu mbaya, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, kapu mkononi. Wacera hakuwa amejitanda leso. Alikuwa amefunga kitambaa kidogo tu nyuma ya kichwa, kama mfumaji yeyote wa Dandora anayetoka kununua uzi.

“Huyu ni mama,” alisema.

“Karibu, Mama Teresiah,” Kathini alisema, na neno lilipokwisha kumtoka akaogopa kwamba amekosea. Lakini mwanamke mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaonekana kushukuru kwamba bado kuna mtu wa kumwita hivyo.

“Wewe ndio ulipiga hii picha?” Aliitoa kifuani. Ilikuwa imeanza kuchakaa kwenye pembe. “Macho yangu si mazuri, lakini niliiangalia sana. Niliona jicho, nikaona shavu. Nikasema, sawa, moto ulipita hapa, lakini huyu ni Wacera. Halafu nikatafuta sikio.” Aliweka kidole mahali ambapo lenzi ilikuwa imeliachia sikio likageuka moshi. “Hapa hakuna sikio! Nikamwuliza Githinji, sikio la mtoto wangu liliungua? Githinji anasema hajui, hajaangalia. Kijana gani anamtembelea mtu Nairobi hajui kama ana sikio? Sikulala. Nikasema nitaenda mwenyewe kuangalia hilo sikio.”

“Amekuja na basi la kwanza,” Wacera alisema. “Nimefungua mlango nikamkuta. Hata salamu hakunipa, amenigeuza kichwa.”

“Na ulilipata?” Kathini aliuliza.

“Liko.” Mwanamke mzee alisema hivyo kwa uzito, kama mtu anayetoa habari kwa watu wengi. “Ni dogo, limejikunja. Lakini liko.”

Wote watatu walicheka, na wakaendelea kucheka kupita kiasi cha kile kilichosemwa. Kapu lilikuwa na nduma na ndizi, na Kathini alizipokea kwa mikono miwili. Alisema asingeweza kuwapiga picha pamoja, filamu imekwisha na haitakuja nyingine, waende kwa Johnson pale ng'ambo ya njia wakitaka ya rangi. Mama Teresiah alisema hapana. Alitaka jambo lingine.

“Ile iko ukutani kwa huyu. Ile ya Teresiah.” Aliirudisha kifuani picha aliyoishika. “Wacera ameniambia ilivyotokea. Mimi sijali ilitokea aje. Nataka moja ya nyumbani.”

Negativu ilikuwepo, na karatasi chache za kuchapishia zilikuwepo. Kathini aliingia kwenye chumba chake cha giza, kilichokuwa kona iliyozibwa kwa mbao na magunia, akaibana negativu juu ya karatasi chini ya kioo, akaimulika, akaitia karatasi kwenye dawa. Chini ya taa nyekundu uso ule ulianza kupanda tena kutoka kwenye weupe: kwanza nyusi, halafu mboni, halafu lile shavu ambalo penseli yake ililijua bila yeye kujua. Hakulionea fahari safari hii. Alilitazama likija kama mtu anayemfungulia mgeni mlango. Aliiosha karatasi kwenye maji, mara ya pili, mara ya tatu, ili isije ikageuka manjano ikiwa mbali, ukutani Kangema.

Alipotoka, picha ikidondosha maji kwenye vidole vyake, hakuwakuta chumbani. Walikuwa wameketi nje, mahali jua lilipofika kwenye kizingiti, Mama Teresiah juu ya kigoda cha Kathini na Wacera chini, mgongo wake umeegemea magoti ya mama yake. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefunguliwa. Mwanamke mzee alikuwa na kitana na kikopo cha mafuta ya nazi, naye alikuwa akimsuka. Alikuwa ameanzia upande wa kulia, na mistari ilikuwa imetoka sawa, myembamba, ikienda nyuma kwa kufuatana. Walikuwa wakizungumza Kikikuyu kwa sauti ya chini, mambo ya shamba kwa jinsi ilivyosikika, mara mmoja akikatiza, mara mwingine.

Kathini alitafuta kamba ya kuanikia kwa mkono, bila kuwaondolea macho.

Vidole vya mama vilivuka utosi vikaja upande wa kushoto. Vikafika pale nywele zilipokoma na ngozi ya kung'aa kuanza. Vikasimama. Wacera naye akanyamaza katikati ya neno. Kisha mwanamke mzee akachovya kidole kwenye mafuta, akaipaka ile ngozi taratibu kutoka juu mpaka nyuma ya sikio, akachukua kitana, akaupinda mstari ufuate ukingo wa nywele, unapoingia ukaingia nao, unapotoka ukatoka nao, na mazungumzo ya shamba yakaendelea.